Alama Zinazosomwa na Mashine: Kahawa na Dawa za Gashonga Mbele ya Kamera

Na Mwandishi Wetu

*Msimbo uliobandikwa kwenye gunia huipa mashine uhakika wa utambulisho wa gunia hilo, lakini ukweli wa yanayoelezwa na msimbo huo humtegemea mtu aliyeubandika. Katika sekta ya Gashonga, wilayani Rusizi, tofauti hiyo inagusa bei ya kahawa na usalama wa mgonjwa.*

Magunia mawili ya kahawa ya maganda, yaliyojazwa uzito uleule na kushonwa kwa uzi uleule katika kituo kimoja cha kuoshea kahawa, hayana mbele ya kamera tofauti yoyote ya kuaminika, hata kama moja limetokana na mashamba ya kilima kimoja na jingine limetokana na mashamba ya ng'ambo ya bonde. Karani wa ghala huweza kuuliza, kukumbuka au kufungua daftari lake, ilhali mashine haina msaada huo, kwa kuwa picha inayoipokea ni jedwali la namba tu, na kila namba hueleza kiasi cha mwanga kilichopokewa na nukta moja ya picha, yaani pikseli.

Kwa muda mrefu tatizo hilo lilihesabiwa kuwa la wahandisi wa viwanda na maabara za roboti. Sasa limefika katika vilima vya kusini-magharibi mwa Rwanda kwa njia mbili: kwa kahawa inayotoka kwenda kuuzwa nje, na kwa dawa zinazoingia kutibu wagonjwa.

Gashonga inahusika katika njia zote mbili. Ndani ya sekta hiyo (umurenge, kwa Kinyarwanda) ndimo ilimo Mibirizi, misheni iliyoanzishwa na Wamisionari wa Afrika mwaka 1903, ambayo inatajwa miongoni mwa mahali pa kwanza kahawa ilipopandwa nchini Rwanda, na ambayo jina lake limebaki katika aina ya kahawa ya arabika iitwayo Mibirizi, iliyoletwa na wamisionari kutoka Guatemala mwanzoni mwa karne ya 20. Humo pia imo hospitali ya wilaya ya Mibirizi, ambayo, kama hospitali nyingine yoyote, haina budi kujua kwa hakika kila pakiti ya dawa imetoka wapi na muda wake wa matumizi unakwisha lini.

Kutoka mistari hadi miraba

Jibu la kwanza la wahandisi lilikuwa msimbopau, yaani safu ya mistari myeusi na myeupe yenye upana tofauti, ambayo Wamarekani Norman Joseph Woodland na Bernard Silver waliipatia hataza mwaka 1952. Ilipita zaidi ya miaka 20 kabla ya bidhaa ya kwanza yenye msimbo wa aina ya kisasa, pakiti ya ubani wa kutafuna, kupitishwa kwenye kisomeo cha duka la Marsh mjini Troy, jimbo la Ohio, tarehe 26 Juni 1974.

Msimbopau ulikuwa na upungufu wa kimaumbile: husomwa kwa upande mmoja tu, na kwa hiyo hubeba tarakimu chache. Mwaka 1994 Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ya Denso Wave ya Japani, waliokuwa wakitafuta namna ya kufuatilia vipuri vya magari, walibuni msimbo wa QR, ambao husomwa kwa pande mbili na unaweza kubeba tarakimu 7,089.

Miraba mitatu mikubwa iliyo katika pembe za msimbo huo si pambo, kwani mstari wowote unaokatiza katikati ya mraba hukutana na weusi na weupe kwa uwiano wa 1:1:3:1:1, uwiano ambao ni nadra kuonekana katika maandishi au picha za kawaida. Kamera hutafuta uwiano huo kwanza, na ikiupata mara tatu hujua msimbo uko wapi na umeelekea upande gani.

Zaidi ya hayo, msimbo hubeba taarifa za ziada zilizokokotolewa kwa mbinu ya hisabati ya Reed na Solomon, iliyochapishwa mwaka 1960, ambazo huiwezesha mashine kurudisha sehemu zilizopotea, kiasi kwamba katika kiwango cha juu cha ulinzi msimbo husomeka hata kama takribani asilimia 30 ya taarifa zake zimeharibika.

Alama inayoieleza mashine mahali ilipo

Roboti, hata hivyo, inahitaji kujua jambo jingine zaidi ya jina la kitu, nalo ni umbali na mwelekeo wake, kwa sababu mkono wa chuma unaotumwa kuinua sanduku hauwezi kulishika bila kujua liko sentimeta ngapi mbele na limeinama kwa nyuzi ngapi. Kwa ajili hiyo zilibuniwa alama-rejea, yaani alama ambazo umbo na ukubwa wake vinajulikana kabla, nazo huwekwa mahali ili kamera izitumie kama kipimo.

Miongoni mwa zinazotumika sana ni AprilTag, iliyoelezwa mwaka 2011 na Edwin Olson wa Chuo Kikuu cha Michigan, na ArUco, iliyotoka Chuo Kikuu cha Córdoba nchini Hispania. Kabla ya hizo ilikuwapo ARToolKit ya Mjapani Hirokazu Kato, iliyoanza mwaka 1999. Alama hizi huonekana kama mraba mweusi wenye vyumba vichache vyeusi na vyeupe ndani yake, na kwa makusudi hubeba taarifa kidogo sana, kwa kawaida namba moja tu.

Uchache huo ndio nguvu yake. Vyumba vikiwa vichache huwa vikubwa, na vikiwa vikubwa huonekana kutoka mbali na katika mwanga hafifu. Katika familia ya AprilTag inayotumika zaidi, yenye vyumba 36, zimeteuliwa alama 587 tu kati ya mabilioni yanayowezekana, na zimechaguliwa ili alama yoyote itofautiane na nyingine kwa vyumba visivyopungua 11, hata ikigeuzwa. Kwa hiyo kamera ikikosea kusoma vyumba viwili au vitatu haitadhani kwamba alama moja ni nyingine.

Umbali hupatikana kwa jiometria. Mashine inajua kwamba alama ni mraba kamili wa ukubwa fulani, na ikiiona imepunguka na pande zake hazilingani, hukokotoa ni wapi kamera ingepaswa kusimama ili mraba huo uonekane hivyo. Ndiyo maana roboti mbwa ya kampuni ya Boston Dynamics hutumia AprilTag kutambua kituo chake cha kuchajia betri.

> Mashine inayotambua aina ya kitu inaweza kusema kuwa hili ni gunia la kahawa. Haiwezi, bila alama, kusema kuwa ni gunia la nani.

Rwanda si mgeni wa mashine zinazoona

Mwezi Oktoba 2016 Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline kutoka kituo cha Muhanga, na baadaye kituo cha pili kikafunguliwa Kayonza. Utafiti uliochapishwa katika jarida la *Lancet Global Health* mwaka 2022 ulionyesha kwamba huduma hiyo ilifupisha muda wa kufikisha damu kwa zaidi ya saa moja ikilinganishwa na barabara, na kwamba damu iliyotupwa kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67.

Sehemu ya usalama wa safari hizo hutegemea kamera. Kabla ya ndege kurushwa, fundi huielekezea simu yenye programu maalumu, ambayo huangalia kwa picha kama mabawa madogo ya kuongozea yanasogea kama yalivyoamriwa, ili uamuzi wa kuiruhusu ndege usibaki juu ya jicho la mtu aliyechoka.

Mfano huo unaonyesha kwamba nchi ya milima na barabara zenye kona nyingi inaweza kunufaika na mashine zinazoona mapema kuliko nchi tajiri. Unaonyesha pia kwamba faida hupatikana pale ambapo mashine imepangiwa kazi ndogo iliyo wazi, ikaachiwa kuikamilisha, na mtu akabaki na dhamana ya kazi nzima.

Kahawa na tarakimu sita za desimali

Kwa wakulima wa kahawa, msukumo umetoka Brussels. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115, iliyopitishwa mwaka 2023 na ambayo utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, inataka kahawa, kakao na mazao mengine kadhaa yasiingie katika soko la Ulaya iwapo yametoka katika ardhi iliyokatwa misitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020.

Ili kuthibitisha hilo, muuzaji hana budi kutaja mahali hasa zao lilipolimwa. Shamba lisilozidi hekta nne hutajwa kwa nukta moja ya latitudo na longitudo yenye tarakimu sita baada ya desimali, kipimo ambacho kinadharia hufikia usahihi wa takribani sentimeta 11 ardhini. Rwanda ina wakulima wa kahawa takribani 400,000, na wengi wao humiliki mashamba yasiyofika hekta moja. Hivyo kontena moja linaweza kubeba kahawa ya mamia ya familia, na kila familia inapaswa kuwa na nukta yake.

Daftari haliwezi kustahimili kazi hiyo. Msimbo unaweza, kwa sababu kahawa mbivu ikipokelewa kituoni na kupewa namba, namba hiyo hufuata fungu lake katika kumenywa, kuoshwa, kuanikwa na kufungwa, na kila kituo cha safari huandika taarifa zake chini ya namba ileile. Mfumo wa INATrace, ambao programu yake iko wazi kwa yeyote kuitumia na ambao ulijaribiwa katika kahawa ya Rwanda kwa msaada wa shirika la Ujerumani GIZ, ulijengwa juu ya wazo hilo, na uliwawezesha wanywaji wa Ulaya kusoma kwa simu safari ya kahawa iliyo mezani mwao.

Swali linalobaki ni kama mkulima naye anaweza kusoma safari hiyo kwa upande wa pili, yaani kujua kahawa yake iliuzwa wapi, lini na kwa bei gani.

Pakiti ya dawa

Hospitalini hoja ni nzito zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja kati ya kumi za tiba ni bandia au haifikii kiwango. Dawa ya bandia hufanana na ya kweli kwa rangi, umbo na maandishi, kwa hiyo jicho la muuguzi, hata likiwa makini namna gani, si kinga ya kutosha.

Alama inayotumika kwa dawa ni Data Matrix, mraba mdogo wa nukta ambao unaweza kuchapwa mahali padogo kuliko ukucha na kubeba mambo manne: namba ya bidhaa, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya pekee ya pakiti hiyo moja. Mambo matatu ya kwanza huweza kunakiliwa na mghushi. La nne humnasa, kwani namba iliyokwisha kusajiliwa Kigali kuwa pakiti yake imetumika ikisomwa tena kwingine, mfumo hujua kwamba mojawapo ya pakiti hizo si halali. Rwanda na Nigeria zilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kushiriki katika mfumo wa kimataifa wa kuhakiki dawa na chanjo kwa njia hiyo.

Faida yake kwa hospitali ya wilaya inaonekana kwa urahisi: kiwanda kikitangaza kwamba toleo fulani lina kasoro, stoo yenye kisomeo huweza kulitafuta na kuliondoa kwa muda mfupi, badala ya watumishi kufungua kila kasha na kusoma maandishi madogo.

Je, alama zimepitwa na wakati?

Wapo wataalamu wanaosema kwamba kubandika alama ni kazi ya mpito, kwa kuwa tangu mwaka 2012, mitandao-neva, yaani programu zinazojifunza kutokana na mamilioni ya picha, imefikia uwezo wa kutambua vitu bila kubandikwa chochote. Kwa maoni yao, fedha za kuchapa na kubandika misimbo zingetumika vizuri zaidi kununua kamera bora na kufundisha programu.

Hoja hiyo ina ukweli pale ambapo kinachotafutwa ni aina ya kitu. Roboti inayochuma matunda inahitaji kutofautisha tunda bivu na bichi, wala hakuna atakayebandika alama kwenye kila tunda la kahawa. Lakini pale ambapo vitu vinafanana kabisa na kinachotakiwa ni kimoja mahususi, hakuna kiasi cha picha kinachoweza kufundisha tofauti isiyokuwapo.

Kuna pia suala la gharama na uwajibikaji. Alama-rejea husomwa na programu huria kwenye simu ya kawaida, bila intaneti, na ikishindwa hushindwa waziwazi kwa kutosomwa. Mtandao-neva hutoa jibu karibu kila mara, hata likiwa la makosa, na si rahisi kwa ofisa wa ushirika kueleza kwa nini ulikosea. Kwa mahali ambapo umeme na mtandao si wa uhakika wakati wote, tofauti hiyo si ndogo.

Funzo la madini na la mifugo

Udhaifu mkubwa wa alama haumo katika hisabati yake. Baada ya Marekani kupitisha mwaka 2010 sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kilizitaka kampuni kueleza asili ya madini ya bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu kutoka Kongo na nchi jirani, Rwanda ilianza mwaka 2011 kutumia mfumo wa ITSCI, ambamo magunia ya madini, isipokuwa dhahabu, hufungwa vibandiko vyenye namba na msimbopau machimboni na tena kwa mchakataji.

Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti iliyodai kwamba madini kutoka machimbo yasiyoruhusiwa yalikuwa yakiingizwa katika magunia yenye vibandiko halali. ITSCI ilipinga madai hayo. Yeyote atakayeonekana kuwa na haki, mjadala wenyewe haukuhusu kama msimbo ulisomeka. Ulihusu ni nani alikuwa na vibandiko mkononi, wakati gani na mbele ya nani.

Tanzania nayo imetoa funzo la aina nyingine. Zoezi la kuvisha mifugo hereni za kielektroniki, lililolenga kuitambua na kuifuatilia, lilikutana na malalamiko ya wafugaji kuhusu gharama, likasitishwa mwaka 2022, kisha utambuzi ukarudi mwaka 2025 ukiambatana na kampeni ya kitaifa ya chanjo. Hereni yenye chanjo ina maana kwa mfugaji. Hereni yenye malipo pekee aliiona kuwa mzigo.

> Alama ikiharibika mashine hukataa kuisoma. Alama ikiwekwa mahali pasipo pake, mashine huisoma bila shaka yoyote.

Mvua, tope na mkunjo wa gunia

Yapo pia mambo ya kawaida ambayo wabunifu walio mbali huyasahau. Gunia hujikunja, na msimbo uliokunjika huacha kuwa mraba. Karatasi inayong'aa hurudisha mwanga wa jua kwenye kamera na kufuta weusi wote, kwa hiyo karatasi isiyong'aa ni bora ingawa huonekana duni. Ukingo mweupe unaozunguka msimbo ni sehemu ya msimbo wenyewe, na anayeukata ili kubana nafasi huizuia kamera kujua msimbo unaanzia wapi.

Katika kituo cha kuoshea kahawa, ambako maji, utelezi wa kahawa na matope ni sehemu ya kazi ya kila siku, kibandiko cha karatasi hakiwezi kudumu msimu mzima. Kadi ya plastiki inayoning'inizwa hudumu zaidi, mradi chini ya msimbo ziandikwe tarakimu zilezile zinazosomeka kwa macho, ili simu ikizimika kazi isisimame na mkulima asilazimike kuamini asichoweza kukiona.

Nani anasoma, nani anasomwa

Kinachopiganiwa kwa upande wa Gashonga ni mamlaka juu ya taarifa. Nukta ya shamba, kiasi cha mavuno na jina la mwenye shamba vikiwekwa pamoja ni picha kamili ya uchumi wa familia. Mnunuzi anayevishika peke yake anajua kila mkulima amevuna kiasi gani kabla ya kujadili bei, ilhali mkulima hajui lolote kuhusu mnunuzi. Na mfumo ukiwa mali ya kampuni moja, ushirika unaotaka kubadilisha mnunuzi huweza kujikuta umeacha nyuma rekodi za misimu yote iliyopita.

Katika suala hili Afrika Mashariki ina mifano ya alama zilizofunguliwa kwa umma. Nchini Kenya mnunuzi yeyote huweza kuhakiki stempu ya ushuru kwa programu ya simu iitwayo Soma Label, na Tanzania ina Hakiki Stempu. Shabaha ya mifumo hiyo ni kodi, lakini kanuni yake ni njema: alama inayomhusu raia, raia aweze kuisoma.

Vyama vya ushirika vya Rusizi, vinapofuatwa na wauzaji wa mifumo ya ufuatiliaji, vina sababu ya kudai masharti manne kabla ya kutia saini. Msimbo uwe wa kiwango cha wazi kinachosomwa na simu yoyote. Gharama ya kadi na vibandiko ibebwe na mnunuzi anayevihitaji sokoni kwake. Rekodi zote zibaki na ushirika hata mkataba ukivunjika. Na mkulima, kwa msimbo uleule, aone bei ya mwisho ya kahawa yake.

Hospitali nayo ina sharti lake: kisomeo kisiwe mzigo mpya kwa muuguzi ambaye tayari ana wagonjwa wengi, bali kichukue nafasi ya daftari analojaza sasa, kwa kuwa mfumo unaoandikwa mara mbili hatimaye huandikwa vibaya mara zote mbili.

Wahandisi wamekwisha kutatua sehemu yao kwa ustadi mkubwa, na hakuna sababu ya kuwaogopa wala kuwakataa. Sehemu iliyobaki haitatuliwi na kamera. Ni ya karani anayefunga kadi kwenye gunia sahihi, ya mtunza stoo anayekataa pakiti ambayo namba yake imekwisha kutumika, na ya mkulima aliyetembea na mpimaji hadi shambani kwake kuonyesha nukta ya kweli. Uaminifu wa mfumo mzima, kuanzia Mibirizi hadi bandari za Ulaya, unabebwa na kazi yao. Na kazi inayobeba thamani kubwa kiasi hicho inastahili kulipwa kama sehemu ya bei ya kahawa.